Mpiga Picha Aliyelala Kiinua Miguu

Ndugu msomaji, makala hii imeanzia kwenye kikombe cha kahawa, kama zinavyoanza khabari nyingi za mji wetu.

Jioni moja nilikuwa nimekaa Jaws Corner na wenzangu, tunabishana mambo ya mpira, mara mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao akainua uso akaniita: "Ewe mwandishi!" Nusura nijifiche nyuma ya mwenzangu. Jina hilo nimejipa mwenyewe, na mpaka leo sina kitabu hata kimoja. Lakini mtaa ukishakusikia unajiita jina, huwezi tena kulivua.

"Labeka, mzee wangu."

"Wewe umeiona Unguja ya sitini na nne? Sisemi kuisikia. Nasema kuiona."

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba nimeiona. Nikamtajia ile filamu ya Wataliani wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, iliyotoka mwaka 1966 kwa jina la Africa Addio. Mna sehemu yake inayoonesha Unguja ya Januari 1964 kutoka angani: watu wanaokimbia, mistari ya watu weupe kwa kanzu, makaburi yaliyofunguka. Ni picha ambazo watu wamezigombania tangu zitoke. Wengine wanasema ni ushahidi, wengine wanasema waliozipiga walikuwa na nia mbaya na Afrika nzima.

Mzee akapuliza kahawa yake, akanywa, akasema: "Hiyo ni Unguja ilivyoonwa na ndege. Kunguru naye aliiona hivyo hivyo. Mimi nakuuliza ya mtu aliyesimama chini, miguu yake juu ya mchanga huu huu."

Sikuwa na jibu. Na ukishindwa barazani mbele ya watu, usingizi hauji. Usiku ule nikaanza kutafuta, na huko ndiko nilikokutana na Mohamed Amin.

*

Wengi wetu tukilisikia jina la Mohamed Amin tunafikiria Ethiopia na njaa. Wenzetu wa Nairobi wanamjua kwa jina la mkato, Mo. Vijana wa Unguja wengi hawamjui kabisa, na ndiyo maana nikaona niandike, kwa sababu mtu huyu alipita kwetu, na kupita kwake kulimgharimu.

Alizaliwa Nairobi, mtaa wa Eastleigh, tarehe 29 Agosti 1943, katika familia ya Kihindi yenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa mtu wa reli. Kijana alipokuwa bado mdogo familia ikahamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoshika kamera kwa mara ya kwanza, Box Brownie ya mkono wa pili, kijisanduku cha rahisi kisichokuwa na madaha yoyote. Angali skuli akaanza kuuza picha zake kwa magazeti. Mwaka 1963, kabla hata ya kutimiza miaka 21, akafungua kampuni yake Dar es Salaam, akaiita Camerapix.

Hebu tusimame hapa kidogo, kwa faida yetu sisi wenye ndoto mifukoni na nauli hatuna. Kijana huyu hakungoja cheti. Hakungoja mjomba mkubwa wa kumwingiza ofisini. Alikuwa na jicho, miguu, na ubishi. Lakini pia alikuwa na kitu chengine ambacho watu husahau kukitaja: alijua kazi ilivyokuwa ikienda.

Na kazi yenyewe ilikuwa hivi. Siku zile khabari za televisheni zilipigwa kwa filamu ya milimita 16. Gurudumu dogo la futi 100 lilikupa dakika mbili na sekunde arubaini na kitu, basi. Ukimaliza, unafungua kamera kivulini, unavisha gurudumu jipya, na huku mambo unayoyapiga hayakungoji. Ukishapiga hukioni ulichokipata. Unaifunga filamu ndani ya kopo, unaandika karatasi ya maelezo: nani huyu, wapi hapa, siku gani, kimetokea nini, picha ya kwanza inaonesha nini, ya pili nini. Khalafu unakimbia uwanja wa ndege, kopo linapanda ndege kwenda London, kwa mashirika kama Visnews, na huko ndiko linakosafishwa na kukatwa. Ukikosea karatasi ya maelezo, picha zako nzuri zote zinakuwa bubu. Waandishi wenzangu, mmeisikia hiyo? Hata kwa mtu wa kamera, mwisho wa yote ni maneno yaliyoandikwa sawasawa.

*

Unguja ilipata uhuru wake tarehe 10 Disemba 1963. Mwezi mmoja tu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, yakaja Mapinduzi. Sultani Jamshid bin Abdullah akaondoka kwa meli. Redioni ikasikika sauti ya John Okello, mtu ambaye wengi walikuwa hawajapata kumsikia. Haya tunayasoma skuli, kila mtu kwa namna alivyosomeshwa, na nyumbani tunayasikia kwa namna nyengine, kila nyumba na yake.

Mohamed Amin alikuwa na miaka 20. Dar es Salaam na Unguja ni jirani wa kuchungulia, na kwa mtu wa khabari habari kubwa kuliko zote ilikuwa ng'ambo ya maji. Akavuka. Akawa miongoni mwa watu wachache waliozipeleka nje picha za kisiwa katika siku zile. Haikupita hata wiki mbili, tarehe 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles wakaasi katika kambi ya Colito, na kijana yule yule akawa na kamera yake mitaani Dar es Salaam. Mwezi mmoja ule ulimfanya mtu mzima.

Baadaye aliendelea kuja Unguja. Zama hizo zilikuwa za Vita Baridi, na kisiwa chetu kidogo kilikuwa kimegeuka meza ya wakubwa. Ujerumani Mashariki ilikuja na wataalamu, Urusi na China nazo zikaja. Nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Kilimani, ambazo leo tunapita tukiziona kama zilikuwepo tangu dunia iumbwe, ni kazi ya Wajerumani wale wa Mashariki. Lakini wageni hawakuja na saruji tu. Walikuja pia kufundisha jeshi, na hilo halikuwa jambo la kutangazwa.

Mohamed Amin akalipiga picha. Zikatoka nje, zikaonekana huko Marekani na Ulaya. Mwaka 1966 akakamatwa hapa Unguja, akatiwa gereza la Kiinua Miguu.

*

Msomaji wa Bara labda jina hilo litamchekesha. Sisi halituchekeshi. Kiinua Miguu ni gereza kuu la Unguja, liko Kilimani, na siku hizi jina lake rasmi ni Chuo cha Mafunzo. Watu wazima wakilitaja hupunguza sauti, hata kama wanazungumzia kesi ya kuku. Miaka ile ya sitini, mtu aliyeingizwa pale kwa sababu za siasa jamaa zake walikuwa hawaulizi anatoka lini. Walikuwa hawaulizi kabisa.

Mo alikaa humo karibu mwezi mmoja. Alipigwa, aliteswa, alilala juu ya sakafu akisikia yale yanayosikika katika jela za namna hiyo usiku. Familia yake na marafiki wakahangaika kumtoa. Hatimaye akaachiwa na kufukuzwa nchini. Hakuweza kurudi Dar es Salaam kuishi kama zamani, akarudi alikozaliwa, Nairobi, na Camerapix ikahamia huko pamoja naye.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nikafunga kitabu nikatoka nje. Mimi hupita Kilimani kila wiki. Nimepita ukuta ule mara ngapi, na simu mfukoni yenye kamera bora kuliko zote alizozishika yule kijana katika ujana wake! Sijawahi kuitoa. Hakuna aliyenikataza. Mkono wenyewe tu haujawahi kunyanyuka.

Hapo nikaielewa picha ya bibi yangu.

Nyumbani kwetu tuna picha moja ya zamani. Nyuma yake imepigwa muhuri wa studio na mwaka 1963. Bibi yangu amesimama, kijana, amejifunga kanga vizuri, ana kipini puani, anacheka kidogo. Pembeni yake pamekatwa kwa mkasi. Umebaki mkono wa mtu, vidole vinne, juu ya bega lake. Tulipokuwa wadogo tukimuuliza mwenye vidole hivi ni nani, alikuwa akijibu neno moja: "Aliondoka." Ukiuliza mara ya pili, anakutuma dukani.

Mama yangu ndiye aliyeniambia, siku nyingi baadaye, kwamba picha ile ilikatwa usiku mmoja wa mwaka sitini na nne. Wengi walikata picha zao. Wengine walizichoma jikoni, wengine walizifukia uani. Mtu alikuwa hajui picha gani itamponza: ya ndugu aliyevaa kilemba, ya harusi aliyohudhuria mkubwa fulani, ya mtoto aliyeshika bendera ya Disemba. Basi mkasi ukafanya kazi.

Mtu mmoja akafungwa kwa kuwa amepiga picha. Mwengine akaikata picha yake mwenyewe asije akafungwa. Wote wawili walijua jambo ambalo sisi tunaopiga picha sahani za pweza Forodhani tumelisahau: picha ni shahidi, na shahidi hutafutwa.

*

Hebu turudi Nairobi. Jela haikumnyamazisha Mo, ilimwongezea mbio. Tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi katikati ya jiji la Nairobi, Mo alifika upesi na kamera yake, na kazi ya siku ile ikamfanya atajwe Uingereza kuwa mpiga picha bora wa khabari za televisheni wa mwaka. Akafuatilia Uganda ya Idi Amin, na mwaka 1980, pamoja na Brian Barron wa BBC, akamkuta Idi Amin uhamishoni Jeddah na kumrekodi. Akaandaa kitabu cha picha za Hija. Camerapix ikawa nyumba ya kutayarisha vitabu, filamu na vipindi vya televisheni.

Hapo ndipo alipogeuka kutoka mpiga picha kuwa mtayarishaji. Tofauti yake ni nini? Mpiga picha huulizwa: umepata nini? Mtayarishaji huulizwa: tunakwenda wapi, kwa pesa za nani, kwa ruhusa gani, na tukirudi tutakisimulia vipi? Ni yeye anayetafuta ndege, anayebembeleza afisa, anayelipa fundi wa sauti, anayekata, anayejibu lawama. Mo aliyafanya yote mawili, mara nyingi siku hiyo hiyo.

Oktoba 1984 akaenda kaskazini mwa Ethiopia, Korem na Mekele, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Kupata ruhusa ilikuwa vita peke yake, na wale wenye kujua milango ya kugonga walikuwa watu kama Mo. Wakakuta maelfu ya watu wamekaa uwanjani alfajiri kwenye baridi, na maiti zimefunikwa pembeni. Taarifa ilitoka BBC tarehe 23 Oktoba 1984, kisha mamia ya vituo vya televisheni duniani vikaichukua. Bob Geldof akaiona akiwa kwao London. Mwezi Disemba ikatoka nyimbo ya Band Aid, na tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Mwaka huo huo Mo akatoa filamu yake mwenyewe kuhusu njaa ile, African Calvary.

Sasa, ndugu msomaji wa Mji Mkongwe, nisikilize vizuri, kwa maana hapa pana jambo ambalo mimi lilinifanya nisimame peke yangu chumbani kama mwendawazimu.

Aliyewainua watu wa Wembley siku ile kuliko wote alikuwa Freddie Mercury. Nani asiyejua? Tumemuwekea kibao Shangani, watalii wanapiga foleni. Alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na mwaka 1964 familia yake ilikimbilia Uingereza kwa sababu ya Mapinduzi. Kwa hiyo tazama: mtoto wa Unguja aliyeondoshwa na mwaka sitini na nne akapanda jukwaani kuwaimbia wenye njaa, ambao dunia iliwaona kwa kamera ya kijana aliyeupiga picha mwaka ule ule wa sitini na nne, akaja akalala Kiinua Miguu. Sina ushahidi kwamba wawili hawa walipata hata kusalimiana. Lakini Unguja ilikuwapo Wembley mara mbili siku ile, na Unguja yenyewe haikujua.

*

Na sisi kisiwani tulikuwa tunaangalia nini?

Hapa lazima niseme jambo la kutuvimbisha vichwa kidogo. Televisheni Zanzibar, TVZ yetu ya Karume House, ilianza kurusha matangazo wakati Mapinduzi yanatimiza miaka 10, mwanzoni mwa 1974, na ilikuwa ya rangi. Ya rangi! Ndiyo televisheni ya rangi ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Kenya na Uganda walikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya sitini, lakini yao ilikuwa nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, na utajiri wake wote, ilianza mwaka 1976. Tanzania Bara, ambako Mwalimu Nyerere aliona televisheni ni anasa ya watu wa mjini, walingoja mpaka mwaka 1994 vituo vya watu binafsi vilipofunguliwa. Aliyeitaka televisheni ile Unguja, Mzee Abeid Amani Karume, hakuiona. Aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, ikaja kuzinduliwa katika zama za Mzee Aboud Jumbe.

Mama anasimulia kwamba kijijini kwao ilikuwa inawekwa televisheni ya umma, watu wanabeba majamvi yao, watoto mbele, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Ikipigwa taarabu watu wanatunza hewani, wanapunga noti mbele ya kioo. Na wengi waliokuwa wakitangaza na kutayarisha vipindi vile walijifunza kazi wakiwa kazini, kwa waya na gundi, jua na chumvi vikila mitambo. Majina yao hayamo vitabuni. Mwaka 2013 TVZ na redio zikaunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC.

Lakini televisheni ile ilikuwa ya Serikali, na ilionesha kile ambacho Serikali ilitaka kionekane. Bibi yangu aliitazama miaka mingi, jamvini na baadaye sebuleni kwetu. Hakuona kitu hata kimoja kuhusu mtu mwenye vidole vinne.

*

Sitaki kumfanya Mo malaika. Wapo Waafrika, na mimi ni mmoja wao, wanaouliza maswali juu ya zile picha za Korem. Ziliokoa watu, hilo halina mjadala. Lakini pia ziliifundisha dunia kumtambua Mwafrika kwa mbavu zake. Wale waliopigwa picha hatuwajui majina. Dunia ililia ikatoa pesa, lakini haikuuliza sana ni vita gani, na ni serikali gani iliyoificha njaa mpaka ikawa vile. Soko la khabari lilikuwa London, na muuzaji yeyote hupeleka sokoni kinachonunuliwa. Mo alikuwa mfanyabiashara pia, na mkali kwa wafanyakazi wake. Mtoto wake wa pekee, Salim Amin, alitoa filamu mwaka 2006, Mo & Me, na humo hakuficha kwamba baba huyu alikuwa mgeni nyumbani kwake mwenyewe.

Gharama aliilipa mpaka mwisho. Juni 1991, Addis Ababa, ghala la silaha likaripuka wakiwa wanalipiga picha. Fundi wake wa sauti, John Mathai, akafa palepale. Mo akapoteza mkono wa kushoto. Mtu mwengine angekaa kitako. Yeye alitengenezewa mkono wa bandia, akarudi kazini na kamera.

Tarehe 23 Novemba 1996 akapanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi, pamoja na mwandishi Brian Tetley, mwenzake wa miaka mingi. Vijana watatu wakaiteka, wanataka wapelekwe Australia. Rubani Leul Abate akawaambia mafuta hayatoshi, hawakusikia. Ndege ikaambaa na pwani yetu ya Afrika Mashariki kuelekea kusini, mafuta yakaisha, ikaanguka baharini karibu na ufukwe wa Ngazija. Kati ya watu 175 walikufa 125, Mo na Tetley wakiwamo. Walionusurika walisimulia kwamba dakika za mwisho Mo alikuwa amesimama, anajaribu kuzungumza na watekaji.

Ndege ile ilipokuwa inaanguka, mtalii mmoja aliyekuwa ufukweni alikuwa na kamera ya mkononi, akaipiga. Ndiyo picha ile mnayoiona mpaka leo, bawa linagusa maji. Mtu aliyeishi kwa kupiga picha vifo vya wengine, chake nacho kilipigwa, na mtu asiyemjua, bila ya karatasi ya maelezo.

*

Nilirudi Jaws Corner na majibu yangu. Nikamkuta mzee yule yule, bao lile lile. Nikamwambia: "Mzee, aliyesimama chini nimempata. Alikuwa Muhindi wa Nairobi, na mwaka sitini na sita tulimfunga."

Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Tulimfunga. Umesema vizuri kusema tulimfunga." Akaendelea kucheza.

Mimi mwenyewe niliwahi kujaribu. Niliandika mswada wa kipindi cha nusu saa juu ya picha zilizokatwa, nikaupeleka ofisi moja ambayo sitaitaja. Wakaniambia umeandikwa vizuri, ila niurejeshe wakati muafaka. Nikauliza muafaka ni lini. Wakacheka, wakanipa soda.

Nilitaka angalau sauti ya bibi iwepo. Nilikuwa na simu, nilikuwa na muda, kila Ijumaa nilikuwa kwake nakula mchuzi. Kila Ijumaa nikasema wiki ijayo. Akafariki mwezi wa Ramadhani, na mwenye vidole vinne akaenda naye.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja tu, wenzangu mnaoandika. Leo jioni chukueni picha moja ya nyumbani, ya zamani kuliko zote. Kaeni na mtu mzima kabla hajachoka. Andikeni karatasi ya maelezo kama alivyokuwa akiandika yule kijana wa Dar es Salaam kabla ya kukimbilia uwanja wa ndege: nani, wapi, lini, kulikuwa na nini. Msipojua, acheni nafasi wazi, msibuni.

Yangu nimeiandika hivi, nimeibandika nyuma ya picha, chini ya muhuri:

Unguja, 1963. Kulia: bibi yangu, amevaa kanga mpya. Kushoto: mtu aliyeondoka. Picha imekatwa 1964 na mwenyewe, kwa mkasi wa kushonea, usiku. Mkono haukukatwa.